Aliyeinuka Kwanza

Mchana wa mkesha wa Krismasi ule, samaki alikuwa akiogelea ndani ya bafu la jirani yangu Milena, na binti yangu Namuli alikuwa ameshampa jina. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Tulikaa Alby, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, ghorofa ya nne, mlango wangu ukitazamana na wake. Nilikuwa nimerudi kutoka Flemingsberg, ambako nilipiga deki hospitalini, na miguu ilikuwa ikiniwaka moto. Milena alisimama mlangoni na aproni yake, akaniambia kwa Kiswidi chetu cha kuungaunga kwamba leo tunakula kwake.

"Mwanamke na mtoto kula peke yao mkesha wa Krismasi ni aibu," alisema. "Na si aibu yako, ni yangu mimi jirani."

Milena na kaka yake Josef walikimbia Prague vifaru vya kigeni vilipoingia mjini. Kila Krismasi Wacheki wenzao wa Alby na Hallunda walijazana katika chumba chao, wakaimba, wakagombana kuhusu namna halali ya kutengeneza saladi ya viazi. Mimi nilidhani ni sisi Waganda tu tunaonuniana kwa sababu ya chakula. Nilikubali kwa sharti moja: mlango wangu na wake ikae wazi, niisikie simu yangu ikilia.

Maana nilikuwa nangoja simu. Mama Wambui, Mkenya aliyenihifadhi Nairobi nilipokimbia vita vya Uganda na kunifundisha Kiswahili hiki ninachoandikia, alikuwa ameniandikia barua. Alisikia kuna mtu ametoka wilaya yetu ya Luweero, mtu anayeijua familia yangu, na Mama Wambui alikuwa akimtafuta mtu huyo. Angenipigia siku ile saa kumi na moja jioni, kwa saa za Stockholm, kutoka ofisi ya kanisa alikofanya kazi. Nisipopokea, ofisi ingefungwa mpaka baada ya mwaka mpya. Kwa miaka miwili na nusu sikujua kama baba yangu na kaka yangu Musoke walikuwa hai. Wiki moja zaidi ingeniua.

Wacheki hukaa mezani nyota ya kwanza ikitoka, na kwa Desemba ya huku nyota hutoka kabla hujamaliza kazi za mchana. Saa kumi tulikuwa vitini, watu tisa. Nikajiambia tutamaliza mapema. Nilijidanganya. Kwanza sala, kisha wimbo, kisha Josef akaanza kutaja majina ya wote wasiokuwepo, waliokufa na waliobaki Prague, mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Niliona kwamba Milena amepanga masufuria yote sakafuni karibu na miguu yake. Nilimuuliza kwa nini.

Josef ndiye aliyejibu. "Meza hii haondoki mtu mpaka wote wamalize. Anayeinuka kwanza, Krismasi ijayo hatakuwepo."

Nilicheka. Hakucheka mwingine.

"Mama yetu aliinuka kufuata chumvi," alisema Milena, akinimiminia supu. "Mwaka uliofuata tulikula bila yeye."

Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Nilichota supu, nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja kasoro dakika tano, na samaki alikuwa bado sufuriani.

Kisha simu ikalia.

Ilisikika wazi kabisa. Vijiko vilisimama. Milena aliweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Kaa," alisema. "Nakuomba."

Sijui kama atanielewa mtu ambaye hakupita tulikopita. Nilikuwa nimewahi kuambiwa hivyo hivyo.

Luweero tulikuwa tukila chakula cha mchana, mkekani nyuma ya nyumba: baba, Musoke, jirani yetu Mzee Kibuuka, mimi, na Namuli aliyekuwa na miaka mitatu. Waasi walikuwa msituni, wanajeshi barabarani, na wanajeshi walimwona mwasi katika kila mtu. Musoke alikuwa akinitania kwamba matoke yangu yameiva upande mmoja. Lori likasimama chini ya shamba la kahawa.

Tukasikia buti.

Baba alisema, "Asiinuke mtu. Anayekimbia ndiye wanayemwita mwasi."

Alisema kweli. Kijiji cha pili waliokimbia walipigwa risasi mgongoni.

Niliinuka.

Nilimfunga Namuli mgongoni kwa leso. Musoke alinitazama, tonge mkononi. Nilipenya migombani nikakimbia.

Hakuna aliyenifuata. Toka siku ile niliwakasirikia wao kwa kukaa na nilijichukia mimi kwa kuinuka, na hasira hizo mbili nililala nazo na kuamka nazo.

Simu iliendelea kulia.

"Mamma, det ringer," alisema Namuli kwa Kiswidi, yaani simu inalia, kana kwamba mama yake ni kiziwi.

Niliuondoa mkono wa Milena taratibu. Nikashika ukingo wa meza.

Josef akatamka neno moja la Kicheki. Viti vikasukumwa nyuma vyote kwa pamoja. Wote waliinuka nami, hata bibi mmoja wa Hallunda aliyetembelea mkongojo, supu ikiwa nusu bakulini. Namuli naye akashuka kitini.

"Sasa hakuna wa kwanza," alisema Josef. "Kimbia."

Nilikimbia.

"Mama Namuli? Nisikilize vizuri, sina muda," alisema Mama Wambui. "Yule mtu nimempata. Ni Mzee Kibuuka."

"Baba?"

"Baba aliaga dunia kambini walikopelekwa raia. Malaria. Walimzika vizuri, mama. Pole sana."

"Na Musoke?"

Alishusha sauti.

"Askari waliona sahani yako ina chakula na mwenyewe hayupo. Wakauliza nani amekimbia, wakaanza kumpiga baba. Ndipo Musoke akainuka. Akawaambia, mimi najua alikokwenda, nitawaonyesha. Akawapeleka upande wa kinamasi."

"Mimi sikwenda kinamasi."

"Hata yeye alijua," alisema Mama Wambui. "Hakurudi, mama."

Nilipovuka ukumbi kurudi kwa Milena, walikuwa bado wamesimama nyuma ya viti vyao. Nililia mbele yao bila haya. Tukakaa pamoja. Nikawaeleza kwa Kiswidi changu kibovu, na Josef akauliza jina la kaka yangu, alitaje pamoja na wale wengine. Lilimshinda. Alilirudia mara tatu mpaka akalipata.

Vita vilipokwisha nilikwenda Luweero, na Mzee Kibuuka akanionyesha njia ile. Nilivaa saa makusudi. Kutoka uani kwetu hadi ukingo wa kinamasi, mahali walipompigia risasi Musoke walipogundua kuwa hapakuwa na mtu, ni mwendo wa dakika arobaini. Mimi, siku ile, nilifika barabara ya lami kwa dakika zisizozidi kumi na tano, na gari la ndizi likanichukua papo hapo.

Hilo hakulijua. Baada ya robo saa angeweza kusimama, akasema nimempotea, na labda wangempiga tu na kumwacha. Aliendelea kutembea mbele yao, kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa ameshaondoka.