Mpaka Mtoto Alete Maji

Iko siku moja ya enzi za Mjerumani naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Na kwa kuwa juzi, mjukuu wangu, ulirudi kutoka kliniki na habari za vidonge, kitanzi na sindano, nitakusimulia. Usicheke. Hata sisi wa huku mlimani Meru tulipanga uzazi, ila tulinong'ona.

Nilikuwa na mtoto wa kwanza, Kaanaeli, huyo baba yako, bado ananyonya. Dada yangu alikuwa amefariki akijifungua wa pili, wa kwanza hata kusimama hajaweza. Niliogopa sana. Lakini mume wangu Nderingo nilimpenda, na hapo ndipo penye shida.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alinifunga kiunoni kamba ya mafundo iliyolowekwa kwenye maji ya mizizi. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kama hiyo, na tumbo lake lilishaanza kuisukuma! Shangazi alisema kunyonyesha kunatosha. Kwake kulitosha, kwa dada yangu hakukutosha. Nderingo, kwa aibu, akasema atajizuia na kumwaga nje. Nikamwambia, "Baba Kaanaeli, wewe hata kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi tu, hujawahi kukiacha katikati."

Njia ya wazee ilikuwa hii: mama anayenyonyesha halali na mumewe mpaka mtoto aweze kuchota maji mferejini kwa kibuyu kidogo na kuyafikisha nyumbani. Muda wote huo mwanamume hulala kwa mke mwingine. Sasa Nderingo alikuwa amebatizwa, mke ni mimi tu. Mama mkwe akafikiri, kisha akamwonyesha mwanawe upande wa ng'ombe, mle mle ndani ya nyumba.

"Utalala pale," akasema. "Mkwe wangu namtaka akiwa hai."

Basi tukalala nyumba moja, katikati yetu ukuta wa fito. Nilimsikia akikohoa kwa moshi, nikamsikia akigeuka kwenye majani makavu. Mara nyingine aliniita, "Mama Kaanaeli, umelala?" Nilinyamaza, maana ningejibu ningemfuata. Asubuhi alinipa maziwa, vidole vyetu vikagusana kwenye kibuyu, na hicho ndicho tulichokuwa nacho kutwa nzima. Nilimtamani mume wangu aliye chini ya paa langu. Tukaanza kumfundisha mtoto kubeba maji mapema mno, na kila mara aliyamwaga njiani, nasi tukacheka tukitaka kulia.

Kisha vita ikaja. Wajerumani walitaka wapagazi, askari wakapita migombani wakikusanya wanaume. Nderingo alipoondoka alinigeukia akasema, "Endelea kumfundisha. Nikirudi nimkute analeta maji." Hakurudi. Ilikuja habari tu kwamba amekufa, wala sikupata mtu wa kunionyesha alipozikwa.

Ndipo ikaja siku hiyo ninayoikumbuka. Kaanaeli alipanda kutoka mferejini, kibuyu mikononi, maji yote yamo. Mama mkwe akaanza kupiga vigelegele, akakatiza katikati. Nilikipokea kibuyu, nikaenda upande wa ng'ombe, nikayamwaga maji pale alipokuwa akilala.

Sijuti, mwanangu. Nilibaki hai, nikamlea baba yako. Lakini njia ile iliyonikinga na kifo ilininyima mume, na mpaka leo namtamani. Za kwenu hazidai hivyo. Vidonge vinataka mtu asiyesahau, na wewe unasahau hata chungu jikoni. Sindano ni ya miezi, kitanzi ni cha miaka na hutolewa ukitaka mtoto. Muulize nesi ipi itakubaliana na mwili wako, usimuulize jirani mwenye kamba. Nenda na mumeo, naye asikie kwa masikio yake. Kisha chagueni ile itakayowaacha kitanda kimoja bila hofu.

Mungu akupe watoto kwa nafasi na nguvu ya kuwalea, na mumeo azeeke akikohoa karibu na sikio lako. Na akikuuliza kama umelala, mjukuu wangu, mjibu.