Chai Nyekundu ya Baba

Kila asubuhi nikipita mtaa wa Msamala na kusikia harufu ya majani ya chai yaliyochemka sana, nasimama kidogo.

Mama alikuwa mjamzito na damu yake ilikuwa ndogo. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Baba aliamini kitu chekundu huongeza damu, kwa hiyo alimchemshia chai ya rangi, nzito, ya kumezea vidonge.

"Kunywa, mama watoto. Ona ilivyo nyekundu!"

"Utanigeuza birika wewe," mama alisema akicheka, akaimaliza yote.

Alipolazwa, nesi alisema damu haijapanda. "Vidonge unamezea chai? Chai inazuia dawa isifanye kazi vizuri."

Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda na chupa ya chai. Nilimwona akiifunika taratibu kwa koti lake.

"Hapana, nesi," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Namezea maji. Mume wangu ananichotea mwenyewe."

Kisha akamshika baba mkono.

Mama hakurudi nyumbani, wala mtoto. Siku hizi baba anakunywa maji ya moto matupu. Wageni wakimuuliza, anasema chai inamsumbua tumbo.