Nani Aliwakama Ng'ombe?

Nakumbuka foleni moja, mwanangu, foleni ya sabuni mbele ya duka la ushirika hapa Babati mjini. Nyinyi mkisikia foleni mnadhani ni watu kumi wanaosubiri kutoa pesa kwenye mashine. Foleni ya miaka ile ya themanini na kitu ilikuwa mji mzima. Mtu alikuja alfajiri, akaweka jiwe lake mahali pake, akarudi nyumbani kunywa uji, kisha akaja kusimama penye jiwe. Lori la sabuni lilisemekana liko njiani kutoka Arusha. Lilisemekana hivyo tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nakwambia habari za foleni kwa sababu ya simu yako, Nuru. Jana ulinionyesha lile kundi lenu la waandishi wa hadithi, ukanisomea mambo waliyokuandikia. Wote makofi, wote moto, wote "unajua sana dada". Mmoja tu ndiye aliyekuuliza dereva wako wa lori ametokaje Babati asubuhi akafika Dodoma bila kula wala kunywa maji. Ukasema ana roho mbaya, ukamfungia asikuandikie tena. Ulicheka ukiniambia, nami nikacheka na wewe, lakini sikulala vizuri. Mimi nami nilimfungia mtu, hata kabla simu hizo hazijazaliwa.

Basi, nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa kijiji cha Singe, nimemaliza darasa la saba, na nina ugonjwa mmoja tu, kuandika hadithi. Madaftari yalikuwa adimu kuliko hata hiyo sabuni. Nilikuwa nalo moja, nililopewa na mwalimu wangu wa zamani, na ndani yake niliandika hadithi ya msichana Veronika kwa herufi ndogo ndogo ili itoshe. Mwalimu alikuwa na safari ya Arusha Jumamosi, akaniahidi kulifikisha daftari kwenye gazeti moja lililochapa hadithi za wasomaji. Nilikuwa nimejiapiza. Hadithi ikitoka gazetini, nami ni mwandishi. Isipotoka, nashika jembe na kalamu naisahau kabisa.

Pale kwenye foleni, jua limeshapanda, dada aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza nimeshika nini. Looo, usimuulize mwandishi ameshika nini! Nikafungua daftari nikaanza kusoma. Mama yake Veronika anafariki alfajiri, anamwachia nyumba na ng'ombe watatu. Jioni anatokea kijana wa mjini mwenye koti, anamfuta machozi, na kutoka hapo ni mapenzi mwanzo mwisho. Foleni yote ikageukia kwangu. "Ehee! Halafu?" "Wacha wee!" Fundi baiskeli wa sokoni akaapa kwamba Babati haijapata kuwa na hadithi kama hii. Yule dada wa nyuma akafuta macho kwa kitenge. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami siku hiyo nilimimina ndoo nzima.

Ndipo mama mmoja akainua mkono, utadhani yuko darasani. Alikuwa Mama Akonaay, mkulima wa kijiji cha Mutuka, mama wa makamo aliyekuja na ndoo ya mtindi kuiuza huku akisubiri sabuni.

"Binti," akasema, "hao ng'ombe."

"Ng'ombe gani, mama?"

"Wa marehemu. Mama amekufa alfajiri. Mpaka jioni huyo kijana anakuja, nani aliwakama?"

Watu wakacheka. Uso ukaniwaka moto. Nikamjibu, na hata leo nikikumbuka nasikia aibu, "Mama, hii ni hadithi ya mapenzi, siyo ya maziwa." Watu wakacheka zaidi, na safari hii walimcheka yeye.

Hakukasirika hata kidogo. Alisema tu, "Haya. Lakini mimi tangu hapo sikusikii tena. Nawasikia wao wanalia zizini."

Nilimchukia, Nuru, sikufichi. Sisi hatukuwa na kitufe cha kumfungia mtu. Tulikuwa na shikamoo, na mimi niliizuia. Siku za mnada nilipopishana naye niligeuza uso nikatazama mbuzi. Kumnyima shikamoo mama mtu mzima, katika mji huu, tena aliyemjua bibi yangu! Mama yangu mzazi angejua, angenichapa na ukubwa wangu wote. Nyani haoni kundule, na mimi nilijiona ndiye niliyeonewa.

Daftari likaenda Arusha Jumamosi. Nilisubiri gazeti wiki baada ya wiki. Kilichorudi ni daftari lenyewe, limefungwa kwa kamba ileile niliyolifungia, bila hata mstari mmoja wa maelezo. Nililia siku mbili. Kisha nikaenda kuwatafuta watu wangu wa foleni wanifariji. Fundi baiskeli akaniuliza, "Hadithi gani tena hiyo?" Yule dada akasema, "Ile ya mchawi?" Mwanangu, hakuna mchawi katika hadithi yangu. Waliolia machozi walikuwa wamesahau hata jina la msichana.

Mtu mmoja tu ndiye niliyekuwa na hakika kwamba anaikumbuka. Nilijua hivyo, na roho ilinikatalia. Ilinichukua siku nne kukubali kuvaa viatu.

Nilimkuta Mama Akonaay barazani kwake Mutuka, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kwanza. "Shikamoo hiyo imeonekana wapi? Nilijua imepotea."

Nikataka ardhi inimeze. Nikaomba radhi, naye akanisukumia kigoda kwa mguu na kunipa mahindi nipukuchue, maana kwake hukai bure. Nikamweleza habari za daftari kurudi. Nikamuuliza, kama hadithi ilikuwa mbovu, mbona watu wote walisifu?

"We Marselina," akasema, "siku ile hata ungetusomea maandishi ya gunia la mbolea tungesikiliza. Tungekwenda wapi? Jiwe langu liko pale, lori halijafika. Mtu aliye kwenye foleni hawezi kukwambia kitu. Msomee mtu mwenye kazi zake, anayeweza kuinuka akaenda. Akibaki, ndiyo utajua una hadithi."

Maneno hayo yaliniuma kama pilipili kichaa. Nikarudi Singe, na jioni nikiwa chini ya ng'ombe wetu, kichwa kimeegemea ubavu wake, nikamwona Veronika. Nilimwona kweli, kwa mara ya kwanza. Ndani ya nyumba wanawake wanalia, na yeye yuko zizini na ndoo, kwa sababu ng'ombe hajui msiba. Kiwele kimejaa. Lazima akame, na anakama akihesabu sauti ya maziwa, mpaka anakumbuka kwamba aliyemfundisha kukama ndiye aliyelala ndani. Daftari lilikuwa limejaa, basi nikaandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, upande wa ndani, nikaishona kati ya kurasa kwa sindano na uzi.

Nikarudi Mutuka. Mama Akonaay alikuwa na mahindi yake tena, na akaniambia nisome yeye akiendelea, maana mvua ilikuwa inakuja. Nikasoma. Punje zilikuwa zinadondoka kwenye beseni, ta, ta, ta. Nilipofika zizini, zikanyamaza. Sikuthubutu kuinua macho. Nikamaliza.

"Rudia hapo pa ndoo," akasema.

Nikarudia. Mvua ilianza na mahindi yake yalikuwa nje, naye hakuinuka. Baadaye akasema, taratibu, "Mama yangu alipofariki, mimi ndiye niliyekama. Nililia huko zizini. Ndani sikulia." Kisha akaniamrisha tuingize mahindi haraka, tukakimbia wote wawili, tukicheka tumelowa. Sijapata furaha kama ile tena, na nimezaa watoto watano.

Sikuchukua kila alichosema, usije ukadhani. Alitaka Veronika aachane na yule mwenye koti aolewe na mfugaji wa Mbulu, mtu mwenye ng'ombe wa kueleweka. Nikakataa. "Haya," akasema, "mtoto ni wako, mpe mume unayemtaka." Daftari likasafiri mara ya pili. Miezi ikapita, na hadithi ikatoka gazetini, imekatwa nusu. Unajua walikata nini? Yule kijana na koti lake, mapenzi yote mwanzo mwisho. Kilichobaki ni zizi. Mama Akonaay hakujua kusoma, lakini aliubandika ukurasa huo ukutani kwake, na kila mgeni aliyejua kusoma aliambiwa asome kabla ya kupewa chai.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia, mwanangu, maana nimezunguka sana.

Lile kundi lenu ni zuri. Mimi ningelipata nikiwa na miaka kumi na tisa ningeruka. Mficha uchi hazai, na wewe umeshinda woga wa kuonyesha kazi yako, hongera. Lakini lichunguze. Wengi humo wamesimama na mawe yao, kila mmoja anasubiri zamu ya hadithi yake isomwe, na anakupigia makofi ili kesho umpigie. Si watu wabaya. Wako kwenye foleni tu. Pokea makofi yao, sema asante, usiyajengee nyumba.

Mtafute anayeuliza. Ukiweka hadithi, usiseme "nimeandikaje?", maana hapo umewaomba sifa na watakupa. Waulize walichoka wapi. Waulize ni nani wamemkumbuka kesho yake. Wawili watatu watakujibu sawasawa. Waombe hao muunde kikundi chenu kidogo, na wewe uwasomee zao kwa jicho lilelile, bila uvivu na bila kejeli. Na ujue kutofautisha. Yuko anayeuliza habari za ng'ombe wako, na yuko anayekutukana wewe na kabila lako na sura yako. Huyo wa pili mfungie bila kujuta, mtu si jaa la taka. Huyo wa kwanza, hata akisema kwa mdomo mchungu, mpe shikamoo yake. Halafu usimtii kwa kila kitu. Swali lake ni lake, jibu ni lako, na mume wa Veronika unamchagua wewe.

Kwa hiyo simu hiyo ishike sasa hivi, kabla chai haijapoa, umfungulie yule mtu wa dereva. Mwambie, samahani, nimefikiri. Kisha kaa chini umpe dereva wako chakula njiani, pale Kondoa au popote utakapoona njaa imemkamata, na uangalie anakula na nani. Mimi hata sijui hadithi yako inaishaje, lakini tangu jana namwona huyo mwanamume kwenye usukani na tumbo tupu, na ananisumbua.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kalamu yako na hicho kioo unachoandikia kwa vidole. Akupe moyo mpana wa kusikia na kichwa kigumu cha kuchagua. Na akupe wasikilizaji walio huru kuondoka, mvua inanyesha na mahindi yao yako nje, nao wasiondoke.