Mimi ni Hamsini na Sita

Wanafunzi walimwita Mwalimu Gwaride, naye alijua, na jina alilipenda. Darasa lake la tano lilikuwa na mistari minne ya viti, na kila asubuhi alisimama mbele na rula ndefu ya mbao, akagonga meza. Mstari wa kwanza ulikuwa wa jedwali la sita, wa pili la saba, wa tatu la nane, wa nne la tisa. "Saba mara moja?" Saba! "Saba mara mbili?" Kumi na nne! Majibu yalitoka kama risasi, kiti kwa kiti, hadi mara kumi na mbili, na mwalimu wa darasa la jirani alilalamika kwamba ukuta wake unatetemeka. Wageni wakija shuleni, Mwalimu Mkuu hakuwapeleka maktaba, maana maktaba yenyewe ilikuwa kabati. Aliwapeleka kwa Mwalimu Gwaride.

Yeye mwenyewe jedwali alifundishwa na dada yake mkubwa wakiwa wanafua. Ukikosea, unamwagiwa maji ya sabuni. Alitoka pale amelowa chapachapa, lakini anajua. Alipopata ualimu akajiambia: maji ya sabuni sitaki, fimbo sitaki, lakini kasi naitaka. Na kasi aliipata, hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo.

Siku moja, wageni wakiwa tayari wamefika getini, kiti cha nne cha mstari wa jedwali la saba kilivunjika mguu. Mwenye kiti alikuwa mvulana asiyetulia hata akiwa amelala. Mwalimu akamwambia achukue stuli akae nyuma kabisa, waliokuwa nyuma yake wakasogea mbele nafasi moja, mambo yakaenda. Mwalimu Mkuu akaingia na wageni wake watatu wenye suti. Rula ikagonga.

"Saba mara tatu?"

"Ishirini na moja!"

"Saba mara nne?"

"Thelathini na tano!"

"Saba mara tano?"

"Arobaini na mbili!"

Mwalimu alisikia, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda mbele. Saba mara sita ikawa arobaini na tisa, saba mara saba ikawa hamsini na sita, kila mtoto kifua mbele, sauti kama ya askari. Alipofika saba mara kumi na mbili, yule mvulana wa stuli aliruka juu akapaza sauti: "Ishirini na nane!"

Wageni walipiga makofi. Mwalimu Mkuu alitabasamu hadi magego yakaonekana. "Mmeona wenyewe," akasema, na wakatoka.

Hakuna aliyegundua ila Mwalimu Gwaride. Angeweza kunyamaza, kiti kikatengenezwa, maisha yakaendelea, na walimu wangapi wangefanya hivyo! Lakini moyo ulikuwa umemlipuka paa. Wakati wa mapumziko alimwita binti wa fundi viatu, msichana mpole wa mstari ule.

"Saba mara saba ni ngapi?"

"Hamsini na sita, Mwalimu."

"Na saba mara tisa?"

Binti alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mkubwa wake amepotea njia. "Mwalimu, mimi ni hamsini na sita."

"Wewe ni hamsini na sita vipi?"

"Kila mtu ana yake. Mimi ni hamsini na sita. Hiyo unayouliza ni ya mwenzangu wa nyuma. Kiti changu alikikalia kaka yangu, na yeye alikuwa hamsini na sita. Alinirithisha siku nilipopanda darasa."

Kumbe ndivyo. Miaka yote ile, kila kiti kilikuwa na jibu lake, na watoto walikuwa wakiachiana kama nguo za kuvaa nyumbani. Zamani alipouliza kiti kwa kiti aliona anawatendea haki, kila mtu apate zamu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jioni alimsimulia mumewe, dereva wa lori, akiwa amesimama na sufuria mkononi.

"Nimefundisha viti," alisema.

Mumewe alicheka hadi akashika mbavu. "Basi mama watoto, viti vyako vimefaulu!"

Hata yeye alicheka. Kisha akakaa chini, na machozi yakamtoka, kwa sababu aliwapenda wale watoto na alikuwa amewadanganya bila kujua. Mumewe akaacha kucheka, akampokea sufuria.

"Sasa utafanyaje?"

"Naanza upya."

"Katikati ya mwaka?"

"Maji nimeshayavulia nguo," akajibu, na kweli hakurudi nyuma.

Jumatatu aliwaambia watoto wakae popote wanapotaka, ikawa vurugu kama sokoni. Kisha akawapa kazi ya kuokota vifuniko vya soda. Walivipanga sakafuni, safu saba zenye vifuniko vinane vinane, wakavihesabu. Akawaambia wazunguke wakae upande wa pili, waone safu zimekuwa nane zenye saba saba, na hesabu haikubadilika hata kidogo. Mvulana wa stuli alikataa kuamini, akavihesabu tena peke yake, akainuka na vumbi magotini akiwa ameshindwa kwa furaha. Walijifunza kulaza rula katikati ya vifuniko: usipojua saba mara nane, ikate, saba mara tano huku, saba mara tatu kule, ujumlishe. Jedwali lenyewe hakulitupa, maana asiyelijua atahangaika mbele ya safari. Walilikariri, ila baada ya kuliona.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa kusubiri. Alikuwa akiuliza swali, mtoto akinyamaza kidogo tu, ulimi wa Mwalimu unamwasha kutoa jibu. Akajifunza kuweka mikono nyuma, mkono mmoja ukikamata mwingine kama polisi na mwizi, mpaka mtoto aseme. Siku nyingine darasa zima lilikaa kimya hivyo hadi mpita njia akachungulia dirishani kuona kuna msiba gani.

Maneno hayakuchelewa. Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja juu: mwanawe hakupelekwa shule kuchezea takataka. Mwalimu Mkuu akamwita ofisini.

"Mwalimu, siku ya wazazi nataka gwaride."

"Hakuna gwaride tena, Mwalimu Mkuu. Lile lilikuwa debe tupu."

"Debe tupu lililotupa sifa! Sikiliza. Watoto wakiniaibisha mbele ya wazazi, muhula ujao darasa hilo anapewa yule mwalimu kijana aliyekuja juzi, na gwaride analirudisha. Wewe utakwenda kulinda kabati la vitabu."

Alijua hatanii. Akapiga moyo konde. "Sawa. Ila mpaka siku hiyo, darasa ni langu."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mwalimu Gwaride alipanda jukwaani bila rula. Akawaambia wazazi kwamba mtu yeyote amchague mtoto yeyote, amuulize kuzidisha kokote. Mwenye duka alisimama kabla hajamaliza. Akanyoosha kidole kwa binti wa fundi viatu.

"Wewe. Saba mara kumi na nne!"

Jedwali lao liliishia kumi na mbili, na yule baba alilijua hilo vizuri. Binti alisimama. Feni ilisikika, kiti kikalia, mtu akakohoa. Mwalimu Mkuu akainuka nusu. "Hilo halimo, tuendelee na wimbo wa..."

"Subirini kidogo," binti alisema. "Bado nafikiri."

Mwalimu Mkuu alibaki ameinama vilevile. Mwalimu Gwaride akaweka mikono nyuma.

"Naanzia kwangu," binti alisema. "Saba mara nane ni hamsini na sita. Kwenye kumi na nne nimetumia nane, zimebaki sita. Saba mara sita ni arobaini na mbili." Macho yake yalikuwa juu darini. "Themanini na nane."

Mtu alicheka nyuma. Mwalimu alijua limekosewa, na kucha zake zilikuwa zikimchoma kifundo cha mkono. Darasa lake lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake, na neno moja tu lingeliokoa. Hakulisema.

Binti alikunja uso. "Hapana. Hamsini na arobaini ni tisini. Sita na mbili, nane. Ni tisini na nane."

Mwenye duka alitoa simu, akabonyeza, akaitazama, akabonyeza tena. "Tisini na nane," alisema kwa sauti ya chini, akakaa.

"Mimi nina njia fupi!" Mvulana wa stuli alikuwa ameshasimama juu ya benchi. "Saba mara saba arobaini na tisa, halafu mara mbili!" Mwingine akambishia kwamba hiyo si fupi, wa tatu akadai yake ni rahisi zaidi, na ukumbi ukajaa kelele kuliko gwaride lolote.

Mwalimu Mkuu alimsogelea Mwalimu Gwaride. "Mbona wanagombana?"

"Wanafanya hesabu."

Mwalimu Mkuu aliwatazama watoto, akawatazama wazazi, ambao sasa walikuwa wakibishana pia wao kwa wao. Akajikuna shingo. "Kabati la vitabu," alisema mwishowe, "litabaki bila mlinzi."

Jioni watoto walirudisha viti darasani. Mwalimu alikuwa akifuta ubao alipomsikia mdogo wa binti yule, wa darasa la nne, akiuliza mlangoni.

"Dada, nikija mwakani nikakaa hapa kwako, jibu langu litakuwa lipi?"

Binti alisukuma kiti chini ya meza.

"Hiki? Hiki ni kiti tu."