Trekta Iliyolima Maharagwe ya Mama

Binti yangu alinipeleka kuona mashine za zamani za shamba. Ilikuwa Jumamosi, naye yuko ofu, na kazi yake ya kutunza wagonjwa haimpi Jumamosi nyingi, basi nilinyamaza nikaingia gari ingawa magoti yalikuwa yananiuma. Tulitoka Germantown, tunakokaa huku Maryland, Marekani, tukapita mashamba ya mahindi, tukafika kwenye uwanja wa nyasi ambako wazee wa kizungu walikuwa wamepanga matrekta mistari kwa mistari. Yamepigwa rangi, yanang'aa kama sufuria za harusi. Wenyewe wamekaa kando kwenye viti vya kukunja, wanakula mahindi ya kuchemsha yaliyopakwa siagi.

Halafu mashine moja ya moshi, ile ya kuendeshwa na mvuke, ikapiga filimbi. Rafiki yangu, nilisimama pale pale. Mjukuu wangu wa kike, tuliyekuja naye, aliziba masikio akacheka. Mimi niliangalia chini, natafuta debe langu.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu, upande wa ngano, kule Bonde la Ufa. Wakati wa kupura ngano, mashine kama hiyo ililetwa ikaegeshwa karibu na mto. Ilikunywa maji kuliko ng'ombe wote wa shamba, na maji hayo tuliyabeba sisi watoto, debe kichwani, shingo imekaza. Filimbi ndefu ni watu waje kazini. Filimbi fupi fupi ni maji yanaisha, kimbieni. Wanaume walikata kuni, wengine walilisha mashine miganda ya ngano, wanawake walishona magunia. Makapi yaliingia mgongoni, ukajikuna mpaka ulale. Mchana tulikula githeri ya baridi, mahindi na maharagwe, na hata hiyo ilikuwa na ladha ya moshi.

Nyanya yangu aliipenda mashine ile. Alisema, "Kinachokula sana hakifukuzi watu." Alikuwa na maana yake. Iliyotaka kuni na maji ilitaka mikono, na mwenye mikono aliachwa akae.

Kukaa ndiyo ilikuwa shida yetu. Baba aliendesha ng'ombe wa plau. Kwa kazi yake na yetu sote, mzungu alituachia kipande cha mteremko tujenge, tulime chakula. Hatukuwa na karatasi. Kilikuwa chetu kwa sababu tulikuwa juu yake.

Kisha ikaja trekta. Ndogo, ya kijivu, haitaki kuni wala maji ya debe. Siku ya kwanza watu waliipigia makofi. Baba hakupiga. Mavuno yalipoisha, nyapara alipita nyumba kwa nyumba akisema mteremko wote sasa utakuwa ngano, wenye nyumba huko watoke mvua ikianza. Twende wapi? Kule wazungu walikosema ni kwetu, baba hakuwa na hata pa kuzikwa.

Sasa sikiliza alichofanya mama. Kwetu shamba lenye mbegu haliguswi. Hata kama ni adui yako, hata kesi ikiwa mbele ya wazee, akishapanda unamngoja avune. Baba mwenyewe akilima na ng'ombe, akikuta mche wa mtu, aliinua plau akazunguka. Basi mama akawakusanya wanawake wa mteremko, wakapanda maharagwe kila mahali. Shambani, njiani, uani, mpaka kwenye kizingiti.

Baba akauliza, "Na mimi nitapita wapi?"

"Ruka," mama akamwambia. "Miguu mirefu yote hiyo ulipewa ya nini?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilifunika mbegu nyuma yao, na nilikuwa na hakika kwamba hatuendi popote.

Maharagwe yalikuwa yametoa majani mawili mawili trekta ilipopanda mteremko. Aliyeiendesha alikuwa jirani yetu, mtu aliyekula kwetu mara nyingi. Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Trekta ikasimama, lakini haikunyamaza.

"Shemeji, ondoka," jirani akasema.

"Huoni nimepanda?"

"Naona."

"Wewe umezaliwa na mwanamke mkulima. Utalima mbegu ya mtu?"

Jirani alivua kofia akaikunja kunja. "Nikikataa, kesho atakaa mwingine hapa juu, na mimi nitafunga mizigo nyuma yenu."

"Ng'ombe wangesimama."

"Wangesimama, shemeji. Hii haijui."

Mama alimtazama mpaka yule mtu akaangalia pembeni. Kisha akamwuliza, "Watoto wako wanakula?"

"Wanakula."

"Basi lima. Lakini usianzie mlangoni. Anzia kule chini, nipate kutoa vyungu vyangu."

Alianzia kule chini. Alilima polepole sana, na hiyo ndiyo heshima aliyoweza kutupa. Kulinuka majani mabichi na mafuta ya taa. Jioni tulikuwa barabarani.

Trekta ya aina ile ile, ya kijivu, ilikuwa pale Maryland, mstari wa pili. Mwenyewe, mzee aliyenizidi umri kidogo, akamwambia mjukuu wangu apande akalie. Msichana akanitazama mimi nyanya yake. "Shosho?" Nikamwambia panda. Ana kosa gani yeye?

Mzee akauliza tunakaa wapi. Binti yangu alipomwambia, na jina la barabara, akatikisa kichwa. Akasema anaijua, hapo palikuwa shamba la mahindi la baba yake, na trekta hii ndiyo iliyolima. Nyumba zikaja, na baba yake akawa mtu wa kukaa dirishani.

Nikamwambia binti yangu, "Mwulize, waliojenga walimngoja baba yake avune?"

"Mama, ni swali gani hilo?"

"Mwulize tu."

Akamwuliza.  Mzee akasema ndiyo, yale ya mwisho walimngoja avune.

"Basi hao walikuwa na adabu," nikasema. Binti yangu hakutafsiri.

Tulirudi, mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma. Mteremko wetu sikuuona tena. Mama alikufa akilima shamba la kukodi, na wale wanawake waliocheka wakipanda, sijui hata mmoja yuko wapi. Matrekta yamepata watu wa kuyapaka rangi. Ile desturi ya kumngoja mtu avune, sijui imebaki na nani. Mimi bado ninayo kichwani, na nimechoka kuibeba.