Nilipokwenda Njombe Kumtoa Enesia Shuleni

Makambako, Jumatatu asubuhi. Naanza na sababu ya safari, maana wengi mjini hapa wamekwisha kuisimulia kwa namna yao, na mimi si mtu wa kusimuliwa. Mnaonifahamu mnajua mbao zangu zimefika wapi. Nilianza na msumeno wa kuvutana watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni anakula vumbi. Leo nina mashine mbili za dizeli na uwanja wa mbao nyuma ya stesheni ya reli. Hakuna aliyenishika mkono. Ruksa ya biashara ilipokuja, wenzangu walikuwa bado wanaulizana ruksa maana yake nini, mimi nimeshapakia.

Basi, Jumamosi iliyotangulia, kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alifanya mkutano katika ukumbi wa nyumba ya wageni. Alivaa tai, na juu ya meza aliweka kompyuta. Wengi wetu ndiyo kwanza tunaiona. Jenereta iligoma siku ile, kwa hiyo hatukuiona ikiwaka, lakini nakuambieni hakuna aliyejali. Kijana alikuwa na maneno. Alisema miaka mitano ijayo asiyejua kompyuta atakuwa kama kipofu sokoni. Alisema historia ni habari za marehemu, na jiografia yote imo ndani ya sanduku lile. "Mnawapotezea watoto muda kwa masomo tisa," alisema, "wakati somo limebaki moja."

Nikasimama mimi. Nikasema, "Andika jina la kwanza: Enesia, binti yangu!" Watu walipiga makofi mpaka nikaona haya kidogo, ingawa si sana. Enesia alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni kule Njombe. Masomo ya kompyuta yangeanza Alhamisi, na kijana alisema mwanafunzi asipofika kufikia Jumatano nafasi yake anapewa mwingine. Ndiyo maana Jumatatu, kabla jua halijachomoza, nilikuwa nimekaa katika lori la Salumu.

Barabara ya Njombe. Salumu ni msafirishaji, mzaliwa wa Tanga, mtu wa swala tano na mdomo usiopumzika. Tumefanya biashara pamoja miaka mingi. Tulipopita Mtwango ukungu ulikuwa umelala barabarani kama maziwa yaliyomwagika, akina mama wamejifunga blanketi pembeni ya ndoo zao za viazi. Salumu alipunguza mwendo, akaanza.

"Sheikh, huyo mtoto darasani wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Sasa unamtoa kwa sababu anafaulu?"

"Namtoa kwa sababu dunia inakimbia."

"Inakimbilia wapi?"

"Wewe endesha gari."

Aliendesha, lakini kimya chake hakifiki kilomita mbili. "Mashine yenyewe umeiona ikifanya kazi?"

"Jenereta iligoma."

Alicheka mpaka gia ikalia. Nikamwambia kwamba hata mashine yangu ya kwanza ya kupasulia mbao watu waliicheka, na waliocheka leo wananiomba kazi. Hapo alikubali kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli. Lakini tulipoingia Njombe mjini alinitazama bila mzaha. "Ile uliinunua kwa jasho lako, bwana. Hii unainunua kwa mtoto."

Nilimwona mtu wa kusafirisha magunia tu.

Shuleni, saa nne. Baridi ya Njombe mwaijua, inaingia mpaka kwenye kucha. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta nene juu ya kitenge, Mbena kama mimi. Tulisalimiana kikwetu, "Kamwene," "Kamwene," kisha akanipa kiti.

"Umekuja kwa heri, baba Enesia?"

"Kwa heri, mama. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna maendeleo."

Nikamweleza yote. Nilimweleza vizuri, karibu kumshinda yule kijana wa tai. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Alisema tu kwamba barua ya kumwachisha mwanafunzi inachapwa na karani, ningesubiri kama saa moja. Halafu akasema, "Wakati unasubiri, tusaidie kwa utaalamu wako. Upepo ulituangushia mpaina mkubwa nyuma ya bweni, tangu kabla ya likizo. Tunataka tuupasue tutengeneze madawati. Utuambie utatoa mbao ngapi."

Kuniomba hivyo ni sawa na kumwomba jogoo awike. Nilitangulia mbele.

Nyuma ya bweni, dakika chache baadaye. Gogo lilikuwa limekatwa kutoka kwenye kisiki na kusafishwa, nene kama pipa. Kando yake walikuwa wasichana wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa biolojia, kijana mpole mwenye miwani. Enesia alikuwa amepiga magoti mbele ya uso wa gogo, pale lilipokatwa, anachomeka miiba kwenye mti.

"Shikamoo, baba!" Aliruka, akafuta mikono kwenye sketi.

"Marahaba. Magoti hayo, utachafuka."

Hakujua kilichonileta. Nilizunguka gogo mara moja tu, kama ninavyofanya siku zote, nikataja idadi ya mbao za mbili kwa sita, na za mbili kwa nne kutoka kwenye mabaki. Wasichana walipiga makofi. Nikawaambia, "Na hiyo ni bila kukanyaga kidato cha kwanza!" Wakacheka. Nilijisikia mkubwa. Nikauliza ile miiba ni ya nini.

"Tunahesabu umri, baba. Kila mduara ni mwaka mmoja, na kila miaka kumi tunachomeka mwiba."

"Hilo nalijua wewe hujazaliwa. Miduara ikibanana, mbao ni ngumu. Wateja wangu wa Dar wanaiulizia hiyo."

"Ndiyo, baba. Lakini kwa nini ilibanana?"

Miaka yote hiyo nimetazama miduara iliyobanana nikaona bei, sikuwahi kujiuliza. Nikasema, "Mti ulikataa kukua." Wasichana wakacheka tena, kwa adabu.

Enesia hakucheka. Alinionyesha mahali kwa kidole, ndani kidogo kuelekea kwenye moyo wa mti. Miduara mitatu ilikuwa imeshikana kama nyuzi. "Hii hapa. Tukihesabu kutoka kwenye gome ni miaka thelathini na tatu nyuma. Mwalimu alituambia huenda mvua zilikosekana. Tukampelekea mwalimu wa historia, naye akasema tusiuamini mti peke yake, tukawaulize watu waliokuwepo. Likizo nilimwuliza bibi, kule Mdandu."

"Bibi akasema nini?" Nilijutia swali lile likiwa bado mdomoni.

Enesia alishusha sauti, lakini kulikuwa kimya, kila mtu alisikia. "Alisema vinyungu, zile bustani za bondeni, vilikauka, na hapo ndipo maji hayakosekani. Alisema ndio mwaka ulipotolewa shule, baba. Ulilia siku mbili, ukaficha daftari lako juu ya dari ya jiko ili lisije likawashiwa moto."

Ninyi wote nimewaambia, wanangu pia nimewaambia, kwamba niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa ya kunifundisha. Nimelisema hilo harusini, nimelisema kanisani. Nilisimama pale nikaweka kidole kwenye miduara ile, na kidole kimoja kiliifunika yote mitatu. Mwalimu wa biolojia aligeuka kutazama mlima. Nilimshukuru kwa hilo, ingawa hajui.

Ndipo mkuu wa shule akafika na barua mkononi. Enesia aliona jina lake.

"Nimefanya kosa gani, baba?"

"Huna kosa."

Nikamweleza habari ya kompyuta. Yale maneno yaliyokuwa matamu ukumbini yalitoka makavu, nikawa nayaharakisha. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza mkuu wake.

"Kompyuta naitaka," alisema. "Naitaka sana. Lakini hivi vingine namwachia nani?" Kisha akainama. "Ukisema twende, nitakwenda. Naomba nimalizie tu kuandika hii ya gogo."

Nilikunja barua nikaitia mfukoni. Nikamwambia mkuu nitampa jibu kesho.

Mdandu, jioni ile ile. Salumu alikuwa ameendelea na mzigo wake, nikapata pikapu inayorudi tupu. Mama yangu nilimkuta bondeni anamwagilia maharage, umri wote ule na bado hamwachii mtu jembe. Sikuzunguka. Nilimwuliza kama ni kweli nililia.

"Ulilia," alisema. "Mimi ndiye niliyekutoa. Mwalimu wako alikuja hapa mara mbili kuniomba nikurudishe. Nikamwambia kumeingia kazi ya msumeno, Wazungu wa misheni wanataka mbao, hiyo ndiyo dunia inakokwenda, masomo hayaliwi."

"Ulikuwa na njaa, mama."

"Nilikuwa na njaa. Wewe una nini?"

Aliendelea kumwagilia. Nilikaa kwenye tuta mpaka suruali ikalowa. Yeye alinitoa ili wadogo zangu wale, na sina la kumlaumu. Mimi nyumbani kwangu hakuna aliyelala bila kula. Nilitaka kumtoa mwanangu ili watu wapige makofi. Nikawaza pia juu ya fundi wangu wa kwanza, mzee wa Kikinga aliyenifundisha msumeno. Mwaka mzima alininyima kuvuta msumeno wenyewe. Alinipeleka kuotesha miche, kunoa meno ya msumeno, kusoma upepo, kupika, kuongea na wenye misitu. Nilimwona ananichelewesha. Wenzangu waliojifunza kuvuta tu walipata fedha mapema, na mashine zilipoingia wakawa hawana la kufanya. Mimi nilibaki kwa sababu ya yale mengine. Najisifu kwamba hakuna aliyenishika mkono, kumbe nilishikwa, tena kwa nguvu.

Njombe, Jumanne mchana. Nilimrudishia mkuu wa shule barua yake. Aliichana mara mbili akauliza kama nimekunywa chai. Enesia alikuwa darasani. Nilimtazama dirishani, ameshika kalamu, anabishana na mwenzake kuhusu ramani iliyokuwa ukutani. Sikumwita. Nilimwachia ujumbe kwamba abaki amalize yote, na kompyuta nitamtafutia akimaliza, hata kama ni mbali.

Makambako, Jumatano, saa tano. Mngetaka nikae kimya, jambo liishe. Lakini nilikuwa nimesimama mbele za watu kumtaja mtoto, basi ilinipasa kusimama tena. Ukumbini walikuwepo wengi, na safari hii jenereta ilikuwa inanguruma na kompyuta inawaka. Ni kitu kizuri, sitawadanganya. Nilimwambia kijana afute jina la Enesia.

"Mzee, utajuta," alisema. "Anaachwa nyuma."

"Labda. Lakini anabaki na masomo yake tisa."

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mzee Mbao kaishiwa!" Wakacheka. Salumu alikuwa kaegemea mlango. Yeye hakucheka.

"Sasa nafasi hii nimpe nani?" kijana akauliza.

Kabla sijafikiri nikasema, "Niandike mimi." Kicheko kilipanda mara mbili. Kijana mwenyewe alitabasamu, lakini kazi ni kazi, akachukua fomu akaanza kuniuliza jina, umri, makazi. Akafika penye elimu.

Swali hilo nimeulizwa benki, nimeulizwa halmashauri, na jibu langu linajulikana: chuo cha dunia, shahada ya jasho. Watu walikuwa wanalisubiri. Nilimwona mmoja ameshaanza kulitamka.

"Darasa la nne," nikasema. "Na sikuacha. Nilitolewa, nami nilikuwa bado nataka kusoma."

Ikabaki sauti ya jenereta. Kijana akainamia fomu, akaandika kama nilivyosema.