Barua ya Kinyozi Khisa

Khisa aliingia Nakuru akitoka Kimilili, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akafanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, ndipo akafungua duka la kinyozi pale mtaa wa Free Area. Watu wa Magharibi waliokuwa mjini walimjua karibu wote. Kwa hivyo watu waliohamia Nakuru walipoanzisha ligi yao ya mpira, kila jamii na timu yake, Elgon Star, timu ya watu wa Magharibi, ilimfanya Khisa katibu bila hata kupiga kura. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Msimu huo wa kwanza uliisha Elgon Star wakiwa sawa na Wajir Rovers, timu ya Wasomali wa mtaa wa Bondeni, kwa pointi na kwa magoli. Kamati ikasema wacheze mechi moja ya kuamua bingwa, Jumapili alasiri, katika uwanja wa shule.

Alhamisi kabla ya mechi, Jalal aliingia kinyozi. Alikuwa mshambuliaji wa Rovers, mwenye miaka ishirini na miwili. Alikaa Bondeni kwa mjomba wake Dualeh, lakini alivuka mji mzima kuja kunyolewa na Khisa, kwa kuwa siku aliyofika Nakuru akapotea njia, Khisa ndiye aliyefunga duka na kumsindikiza kwa miguu hadi kwa Dualeh. Alhamisi hiyo dukani walikuwa wawili tu. Jalal akamweleza kwamba kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka, mwaka wa pili sasa, na kwa kuwa ligi haisajili mtu asiye nacho, alikuwa amecheza msimu wote kwa kadi ya ndugu yake Farah, anayefanana naye. Alijua sheria ya ligi inakataza.

"Mzee, niache hii ya Jumapili?" akauliza.

Khisa alikuwa anamnyoa nyuma ya sikio. "Cheza tu," akamwambia. "Hakuna mtu ataangalia kadi."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Kijana alimpendeza, na mpira aliuona ni mpira.

Jumapili vumbi lilikuwa jingi. Elgon Star walishambulia karibu mechi yote, wakagonga mwamba mara mbili. Zilipobaki dakika kama kumi, kona ikapigwa, Jalal akaruka juu ya mabeki wawili, akaupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Ikaisha hivyo, moja bila. Khisa alisimama kando ya uwanja akiwatazama wanaume wa makamo, mafundi wa ujenzi na walinzi wa mageti, wakilia kama watoto. Kufika nyumbani hakula. Alichukua karatasi na kalamu, akaiandikia kamati kwa ule mwandiko wake mzuri kwamba mchezaji aliyefunga goli si Farah.

Jumatano kamati iliketi katika ukumbi wa kanisa, mwenyekiti akiwa Muiruri, mwalimu mstaafu. Dualeh alimleta Jalal. Muiruri akaisoma barua, kisha akamuuliza kijana jina lake. Jalal alimgeukia Khisa, akamwangalia bila hasira, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuzungumza kwanza. Khisa aliinama akawa anakunja pembe ya faili.

"Naitwa Jalal," kijana akasema hatimaye. "Makosa ni yangu."

Muiruri aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua. Jalal akasema hakuna.

Kombe likapewa Elgon Star. Jumamosi mbuzi alichinjwa, Khisa akabebwa juu kwa juu, akaitwa wakili. Jioni mke wake, Jepkosgei, alimuuliza habari ile ya kadi aliipata wapi. Akasema alisikia tu. Mke akauliza alisikia kwa nani. Khisa akajifanya anatafuta viatu, na Jepkosgei, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, hakuuliza tena. Hilo lilimuuma Khisa kuliko kama angemfokea.

Rovers walijiondoa katika ligi. Wiki zikapita, kiti cha kinyozi kikikaliwa na watu wengine. Mara moja Khisa alimwona Dualeh sokoni, akaanza kunyoosha mkono. Dualeh alimsalimia kwa adabu kamili, kama anavyomsalimia mtu asiyemjua, akaendelea na safari yake. Ndipo Khisa akasikia kwamba Jalal aliona haya kukaa Bondeni, akapanda hadi Mau Narok, kule milimani, kutafuta kibarua cha viazi.

Akamfuata. Alimkuta asubuhi kando ya shamba, anashona midomo ya magunia, mikono imejaa udongo, baridi ikikata. Khisa alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka yalikuwa machache: kwamba ni yeye aliyemwambia acheze, ni yeye aliyeandika barua, na kwamba pale ukumbini alinyamaza kwa woga.

Jalal alimaliza gunia alilokuwa nalo.

"Siku ile nilikungoja useme," akasema. "Ungesema pale, ningebaki Nakuru. Saa hii, mzee, hakuna kitu nakungoja."

Hakumtukana wala hakumfukuza. Alivuta gunia jingine, na Khisa akabaki amesimama mpaka akajiona anazuia watu kazi.

Aliporudi aliwaita wachezaji wa Elgon Star akawaambia yote. Wengine walimwonea huruma, wengine wakasema amewauza mara ya pili, kwanza kwa kumwambia Jalal acheze na sasa kwa kusema, kwa nini asingefunga mdomo. Akaacha ukatibu. Muiruri alipopelekewa habari alisema msimu umefungwa na matokeo hayabadiliki. Mpaka leo mabingwa wa kwanza wa ligi ile ni Elgon Star.

Wateja bado humsifu. Juzi mmoja, Kipyegon, fundi wa magari, aliketi kitini akacheka, akasema ameambiwa huyu ndiye mzee aliyeshinda kombe kwa kalamu. Khisa akazima mashine.

"Kijana aliniuliza kama acheze," akasema. "Nikamwambia cheza. Aliponifunga goli nikamshtaki."

Kipyegon aliacha kucheka. Alijitazama kwenye kioo, kichwa kimenyolewa nusu, kisha akaomba kwa sauti ndogo amaliziwe upande wa kushoto.